Nani Anamiliki Ukurasa wa Mwanahisabati?

Mijadala yetu kuhusu elimu ya juu huzunguka mambo yale yale: mikopo ya wanafunzi, mitaala, mishahara ya wahadhiri, uhaba wa vitabu. Yote ni mambo ya haki. Hata hivyo kuna swali moja ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa. Fikra ya msomi inapotoka kichwani mwake hadi kufika kwenye ukurasa uliochapwa, kazi iliyopo hapo katikati hufanywa na nani, hulipiwa na nani, na mwishowe ukurasa huo hubaki mali ya nani? Ni swali la uchumi wa kisiasa, ijapokuwa limevaa joho la ufundi.

Katika makala hii nitajaribu kulijibu kwa kupitia historia ambayo kwa mtazamo wa kwanza haina siasa ndani yake: namna wanahisabati walivyoandaa miswada yao kwa ajili ya uchapaji, hasa tangu mwaka 1977. Nimeichagua hisabati kwa sababu maandishi yake ni miongoni mwa yale magumu zaidi kupangwa kwenye ukurasa, na palipo na ugumu ndipo uhusiano kati ya mwandishi, fundi na mchapishaji huonekana bila kificho. Msomaji asiye mwanahisabati asiogope. Hakuna mlinganyo wa kukokotoa humu.

Enzi ya risasi

Kwa karne nyingi, kuchapa kulimaanisha kupanga vipande vya risasi. Sentensi ya kawaida hupangwa katika mstari mmoja, herufi zikifuatana kama shanga katika uzi. Hisabati haikubali uzi mmoja. Kipeo hupanda juu ya mstari, namba ya kutambulisha hushuka chini yake, sehemu huwa na ghorofa mbili, alama ya kipeuo lazima irefuke kufunika kilichomo ndani, na alama ya jumla hubeba mipaka yake juu na chini. Katika risasi kila kimoja cha vitu hivyo ni kipande ambacho fundi alikipachika kwa mkono, kisha akakizungushia vipande vitupu ili kisicheze.

Mashine ya Monotype, iliyobuniwa na Mmarekani Tolbert Lanston mwishoni mwa karne ya 19, ilipunguza sehemu ya mzigo huo. Mfanyakazi alibofya vibonye na kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Mashine nyingine ikausoma utepe na kusubu kila herufi peke yake. Lakini milinganyo bado ilihitaji mkono wa fundi stadi, na wachapaji waliitoza kwa bei ya juu kuliko maandishi ya kawaida.

Gharama hiyo haikuishia katika hesabu za matbaa, kwani iliamua hata namna hisabati yenyewe ilivyoandikwa. Mwaka 1880 mwanafizikia George Gabriel Stokes, katika juzuu la kwanza la mkusanyo wa makala zake, alitumia alama ya mkwaju ili sehemu ziandikwe ndani ya mstari mmoja na nafasi iokolewe. Mwaka 1954 T. W. Chaundy na wenzake wawili, Barrett na Batey, walitoa Oxford kitabu kizima kuhusu uchapaji wa hisabati, ambacho sehemu yake kubwa inawafundisha waandishi jinsi ya kumrahisishia kazi mpanga herufi. Kwa maneno mengine, fikra ilitakiwa kuinama ili ipite kwenye mlango wa risasi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mafundi wa namna hiyo walizidi kuadimika na gharama kupanda. Majarida mengi yalikimbilia mashine za taipu. IBM ilipoingiza sokoni mashine yake ya Selectric mwaka 1961, ambayo herufi zake ziko kwenye kigololi kinachoweza kuchomolewa, makarani wa idara za hisabati, wengi wao wanawake, walijifunza kubadilisha kigololi kimoja hadi kingine katikati ya mlinganyo: hiki cha herufi za kawaida, kile cha Kigiriki, kingine cha alama. Ulikuwa ustadi mkubwa, na majina ya makarani hao ni nadra kuonekana popote isipokuwa katika mstari wa shukrani. Kurasa zilizotokana na njia hiyo zilikuwa nafuu, lakini zilipoteza uzuri na wakati mwingine hata usomekaji.

Prufu za Machi 1977

Donald Knuth, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa ameshatoa juzuu tatu za kitabu chake kikubwa, The Art of Computer Programming. La kwanza lilitoka mwaka 1968, likiwa limepangwa kwa risasi ya Monotype. Ilipofika zamu ya toleo la pili la juzuu la pili, mchapishaji wake alikuwa anaiacha risasi na kuhamia upangaji wa kupiga picha. Mwishoni mwa Machi 1977 Knuth alipokea prufu za kitabu chake na akachukizwa. Nafasi kati ya herufi hazikuwa sawa, na kurasa hazikufanana na zile alizozipenda.

Wakati huo huo alikuwa ameona kitabu cha mtaalamu mwenzake kilichotolewa kwa mashine mpya ya kidijiti, ambayo kwayo ukurasa ni madoa madogo sana ya wino: palipo na moja pana wino, palipo na sifuri hapana. Akatambua kwamba tatizo la zamani la mafundi wa risasi limegeuka kuwa tatizo la kupanga moja na sifuri, na huo ndio uliokuwa utaalamu wake. Kufikia Mei mwaka huo alikuwa amekwisha kuandika rasimu ya kwanza ya programu aliyoiita TeX. Jina hilo limetokana na herufi za Kigiriki tau, epsiloni na chi, zilizo mzizi wa neno lenye maana ya sanaa na ufundi kwa pamoja.

Knuth alidhani kazi hiyo ingekwisha haraka ili arudi kwenye kitabu chake. Ilimchukua takriban muongo mmoja. Alilazimika kubuni programu nyingine, METAFONT, kwa ajili ya kuchora herufi zenyewe. Pamoja na mwanafunzi wake Michael Plass alitafuta njia ya kuvunja aya katika mistari kwa kuitazama aya nzima kabla ya kuamua mwisho wa mstari wa kwanza. Mwanafunzi mwingine, Frank Liang, akapata njia ya kukata maneno mwishoni mwa mstari. Toleo la kwanza liliandikwa kwa lugha ya kompyuta iliyotumika katika mashine chache tu, hivyo Knuth akaiandika upya programu nzima, na toleo hilo la mwaka 1982 likaweza kuhamishiwa karibu kompyuta yoyote.

Uamuzi uliobadili historia, hata hivyo, ulikuwa wa umiliki. Knuth hakuiuza TeX. Aliitoa bure kwa umma, na mwaka 1986 akachapisha vitabu vitano vilivyobeba maelezo ya mfumo wote, pamoja na msimbo kamili wa programu, ili yeyote ausome na kuukagua. Aliyegundua kosa katika vitabu vyake alitumiwa hundi ya dola 2.56, kwa kosa ndani ya programu zawadi iliongezeka maradufu mwaka hadi mwaka mpaka ikasimama kwenye dola 327.68. Sharti lake kuu lilikuwa moja: anayetaka kuibadilisha aibadilishe, ila asiiite TeX. Tukumbuke kwamba hayo yalianza kabla ya mwaka 1983, ambapo harakati za programu huru zilitangazwa rasmi kwa jina la GNU.

Faili la mtindo

Januari 1978 Knuth alialikwa na Chama cha Hisabati cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1888, kutoa mhadhara wa heshima wa Gibbs. Badala ya kuzungumzia kanuni za kompyuta, alizungumzia uchapaji wa hisabati, na akawaonyesha wasikilizaji kurasa za jarida lao wenyewe, jinsi zilivyobadilika miaka hadi miaka. Chama hicho, ambacho ni mchapishaji mkubwa wa majarida ya hisabati, kilikuwa na sababu zote za kusikiliza. Mwaka 1980 kikaundwa kikundi cha watumiaji wa TeX, chenye jarida lake, ambalo tangu mwaka 1983 lilihaririwa kwa miongo kadhaa na Barbara Beeton, mfanyakazi wa chama hicho. Michael Spivak, anayejulikana na wanafunzi wengi kwa kitabu chake cha kalkulasi cha mwaka 1967, alipewa jukumu la kuifanya TeX iweze kutumiwa na mwanahisabati asiyejua kompyuta. Matokeo yake yakaitwa AMS-TeX, na pamoja nayo likaja faili la mtindo lenye jina fupi la amsppt.

Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mswada wa TeX ni maandishi matupu yenye amri ndani yake. Mwandishi anaweza kuagiza kila kitu mwenyewe: weka maneno haya katikati, yakoleze, acha nafasi ya pointi 12, anza mstari mpya. Akifanya hivyo, mswada wake utapendeza mahali pamoja tu. Jarida lenye kurasa za upana tofauti likiupokea, itabidi kila agizo litafutwe na kurekebishwa kwa mkono.

Faili la mtindo hugawa kazi hiyo mara mbili. Mwandishi hutaja vitu kwa asili yake: hiki ni kichwa cha makala, huyu ni mwandishi, hii ni anwani yake, hii ni ikisiri, hii ni theoremu, huu ni uthibitisho wake, hiki ni chanzo nilichokitumia. Faili la mtindo, ambalo limeandikwa na mchapishaji na limehifadhiwa kando, ndilo linaloamua vitu hivyo vitaonekana vipi. Ukibadilisha faili hilo, mswada ule ule utavaa sare nyingine bila neno hata moja kuguswa. Katika mifumo iliyofuata, ukiingiza theoremu mpya katikati ya makala, namba za theoremu zote zilizo mbele yake hujipanga upya, pamoja na kila mahali zilipotajwa.

Leslie Lamport aliupeleka mgawanyo huo mbali zaidi alipotengeneza LaTeX katika miaka ya 1980. Mwaka 1990 Chama cha Hisabati kilitoa AMS-LaTeX, iliyotokana na kazi ya Frank Mittelbach na Rainer Schöpf, na mwaka 1994 likatoka toleo la LaTeX ambalo bado ni msingi wa mfumo unaotumika leo. Mwanafunzi anayeanza makala yake kwa kutaja amsart anatumia mrithi wa moja kwa moja wa kazi ya Spivak.

Kazi iliyohama

Mpaka hapa hadithi inasikika kama ya ukombozi, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza: kazi ya fundi wa risasi ilikwenda wapi?

Tuangalie miaka. Usiku wa kuamkia Julai 2, 1978, miezi sita baada ya mhadhara wa Knuth, gazeti la The New York Times lilipangwa kwa risasi kwa mara ya mwisho. Desemba mwaka huo The Times la London lilisitishwa kwa karibu mwaka mzima kutokana na mgogoro uliohusu, pamoja na mambo mengine, mitambo mipya. Januari 1986 zaidi ya wafanyakazi 5,000 wa uchapaji nchini Uingereza waligoma na kufukuzwa kazi, pale Rupert Murdoch alipohamishia magazeti yake Wapping, mashariki mwa London, ambako waandishi wangeweza kuingiza habari zao moja kwa moja kwenye kompyuta. Katika magazeti mabadiliko hayo yalifuatana na polisi na vizuizi vya barabarani. Katika hisabati yalipita kimya, kwa sababu mwandishi mwenyewe aliipokea kazi ya fundi kwa mikono miwili, tena kwa furaha.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Mpanga herufi alilipwa mshahara. Karani wa idara alilipwa mshahara. Profesa na mwanafunzi wa uzamivu wanaopanga wenyewe makala yao kwa faili la mtindo la mchapishaji hawalipwi na mchapishaji hata senti. Muda wao hulipwa na chuo, na pale chuo kilipo cha umma, hulipwa na mlipa kodi. Wasomi wanaokagua makala hiyo kabla haijakubaliwa nao kwa kawaida hawalipwi. Ungetarajia basi kwamba bei ya majarida ingeshuka, kwa kuwa sehemu ghali kuliko zote ya uzalishaji imehamishiwa kwa mwandishi. Haikuwa hivyo. Wachapishaji wakubwa wa kibiashara waliendelea kupandisha bei, na mwaka 2010 kampuni ya Elsevier ilipata faida ya zaidi ya theluthi moja ya mapato yake. Ni kweli kwamba kampuni hizo bado huhariri, husambaza na huhifadhi, na si haki kusema hazifanyi kitu. Swali ni iwapo kinachofanywa kinalingana na kinachotozwa.

Kwa hiyo zana iliyotolewa bure na mtu mmoja ilimpunguzia gharama mtu mwingine, aliyeuza matunda yake kwa bei ile ile au zaidi. Ndugu zetu wanaharakati wanaoamini kwamba teknolojia huru huleta uhuru moja kwa moja wangefaidika kuisoma sehemu hii ya historia kwa makini.

Wanahisabati waligeuka

Kilichobadili mambo, pale yalipobadilika, ni watu kujipanga. Agosti 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg, akiwa Los Alamos nchini Marekani, alianzisha hazina ya kielektroniki ambamo wanafizikia waliwekeana miswada yao. Hazina hiyo, ambayo baadaye iliitwa arXiv na kuhamia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2001, iliwezekana kwa sababu TeX ilikuwa tayari imeenea: faili la maandishi matupu ni dogo, husafiri haraka, na huchapika sawasawa popote linapofika. Hisabati nayo ikaingia.

Novemba 2002 Grigori Perelman wa St. Petersburg aliweka humo makala ya kwanza kati ya tatu zilizothibitisha dhana ya Poincaré, iliyokuwa imewashinda wanahisabati kwa karibu miaka 100. Hakuzipeleka katika jarida lolote. Mwaka 2006 alikataa nishani ya Fields, na mwaka 2010 akakataa zawadi ya dola milioni moja. Wenzake walizikagua makala hizo kwa miaka kadhaa na kuziona sahihi. Hakuna sare ya mchapishaji iliyohitajika ili ukweli wake utambuliwe.

Mwaka 2006 bodi nzima ya wahariri wa jarida la Topology, lililomilikiwa na Elsevier, ilijiuzulu kwa sababu ya bei, na kufikia mwaka 2008 jarida jipya, Journal of Topology, lilikuwa likitoka chini ya Chama cha Hisabati cha London. Januari 2012 Timothy Gowers wa Cambridge alitangaza hadharani kwamba hatashirikiana tena na Elsevier, na maelfu ya wasomi wakatia saini zao kumuunga mkono. Mwaka 2016 yeye na wenzake wakazindua jarida la Discrete Analysis, ambalo makala zake hukaa arXiv na ambalo halimtozi msomaji wala mwandishi. Jarida la namna hiyo linawezekana kwa sababu ukurasa unaotoka kwenye kompyuta ya mwandishi tayari unasomeka vizuri. Ufundi aliouachia Knuth umma ulipata thamani yake ya kisiasa pale jumuiya ilipoamua kuutumia kwa masharti yake yenyewe.

Herufi na maneno ya nani?

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaotugusa sisi kwa karibu zaidi, nao ni lugha. TeX ya mwanzo ilijengwa kwa herufi na alama 128 tu, na kwa kanuni za kukata maneno za lugha moja kwa wakati. Kwa Mmarekani zilitosha. Wazungumzaji wa Kijerumani, Kifaransa na lugha nyingine za Ulaya hawakukubali, na mwaka 1989 katika mkutano wa watumiaji uliofanyika Stanford walimshawishi Knuth aifungue programu yake mara ya mwisho. TeX ya tatu iliyotokana na shinikizo hilo ilipokea alama 256 na kanuni za lugha kadhaa katika waraka mmoja. Baada ya hapo Knuth alitangaza kwamba hataongeza kitu tena isipokuwa kusahihisha makosa. Namba ya toleo huongezewa tarakimu moja kila mara kuisogelea thamani ya pai, na ameagiza kwamba siku atakapofariki namba hiyo iwe pai yenyewe na kila kosa litakalobaki lihesabiwe kuwa sehemu ya programu.

Bara letu nalo lilihitaji mtetezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mjerumani Jörg Knappen alitengeneza fonti za TeX zenye herufi za lugha za Kiafrika, kama zile za Kihausa na Kiewe zenye ndoano na mikia. Kiswahili hakikuhitaji msaada huo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilisimamia tahajia iliyotumia herufi za Kirumi bila alama za ziada, iliyopita kwenye mashine yoyote ya taipu. Tulipata wepesi, nao ulikuwa na gharama. Kimvita hutofautisha t inayotamkwa ulimi ukigusa meno na t ya ufizi. Tahajia sanifu huziandika zote mbili kwa herufi moja. Usanifishaji nao ni faili la mtindo: huamua kipi kitaonekana kwenye ukurasa na kipi kitabaki mdomoni mwa watu.

Zaidi ya herufi kuna maneno. Mafaili ya mtindo ya LaTeX yalibeba ndani yake maneno ya Kiingereza yanayojichapa yenyewe juu ya kila sura, jedwali na orodha ya marejeo. Mholanzi Johannes Braams alitengeneza nyongeza iitwayo Babel ili kila jamii iweke maneno yake. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya umma hujifunza hisabati kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari lugha hiyo humkatikia mikononi. Istilahi za sayansi tunazo. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Istilahi isiyo na ukurasa wa kutumikia hubaki ndani ya kamusi.

Tunachoweza kufanya

Nimalizie kwa mapendekezo matatu, yasiyohitaji mkopo wa benki yoyote.

Kwanza, kanuni za tasnifu katika vyuo vyetu vingi bado ni kanuni za karatasi: pambizo ya kushoto iwe sentimita kadhaa, mistari iachane kiasi fulani, namba za kurasa zikae mahali fulani. Mwanafunzi aliyetumia miaka mitatu kutafiti hurudishiwa kazi yake kwa sababu ya rula, kisha hulipa steshenari wampangie upya. Kanuni zile zile zingeweza kuandikwa mara moja katika faili moja la mtindo, likawekwa hadharani bure, na mwanafunzi akabaki na kazi ya kufikiri. Idara ya hisabati au ya kompyuta inaweza kulitengeneza kama mradi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Na liwe na sura mbili za lugha, ili anayeandika kwa Kiswahili apate Sura, Jedwali, Kielelezo na Uthibitisho bila kuomba ruhusa.

Pili, majarida ya vyuo vyetu yasikimbilie kumkabidhi mchapishaji wa mbali haki zote kwa ahadi ya kuonekana. Upangaji wa kurasa, ambao zamani ulikuwa kisingizio cha haki, sasa hauna gharama ya kututisha. Kinachogharimu ni uhariri makini na ukaguzi wa kweli, na hivyo ndivyo vinavyostahili kutengewa fedha na muda katika mzigo wa kazi wa mhadhiri.

Tatu, nawageukia watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Mswada wa TeX ulioandikwa katika miaka ya 1980 bado unasomeka leo, kwa kuwa ni maandishi matupu na programu yake haifichi siri. Ni nyaraka ngapi za serikali za kipindi hicho hicho zilizohifadhiwa katika mifumo ya kampuni ambayo imekwisha kufa? Anayeandika masharti ya zabuni ya mfumo wa kutunza kumbukumbu anaamua ni nani atakayeweza kuusoma uamuzi wa leo miaka 40 ijayo.

Mafundi wa risasi wamekwisha kuondoka, na kazi yao sasa iko mikononi mwetu, iwe tumeiomba au hatukuiomba. Kwa kuwa tunaifanya, tunayo haki ya kudai ukurasa unaotokana nayo.